Mwenyeji wa Molo

Februari 2013, wiki chache kabla ya uchaguzi, nilikuwa nasoma taarifa ya saa moja jioni katika kituo kidogo cha redio mjini Nakuru. Katikati ya taarifa hiyo kulikuwa na sentensi ambayo niliipita bila hata kupumua: "Wenyeji wa Molo wametakiwa kudumisha amani msimu huu wa kampeni." Baada ya habari tulikuwa tunafungua laini za simu. Aliyeingia wa kwanza alikuwa mzee, mwenye sauti ya mtu aliyeketi na hana haraka.

"Msichana, nina swali dogo."

"Karibu, mzee wangu."

"Hao wenyeji uliowataja ni akina nani?"

"Ni watu wanaoishi Molo, mzee."

"Wote?"

"Wote."

"Mimi nimeishi Molo tangu 1967. Nyumba yangu imechomwa mara mbili, 1992 na 2008. Mara zote mbili waliokuja kuichoma walisema wao ndio wenyeji. Sasa ukisema wenyeji wadumishe amani, mimi nikae kando nikingoja waidumishe, ama nami nimo?"

Sikuwa na jibu. Redioni sekunde tatu za kimya ni nyingi mno. Fundi wa mitambo alinikodolea macho kupitia kioo, akidhani laini imekatika, akaingiza wimbo.

Taarifa yenyewe ilikuwa imetufikia kwa Kiingereza, nami ndiye niliyeitafsiri mchana wa siku hiyo huku natafuna mandazi. Kiingereza kilitumia neno la kawaida kabisa la mtu akaaye mahali fulani, nami nikaandika "wenyeji" kwa sababu ndilo neno ambalo habari za Kiswahili za nchi hii zimelizoea: wenyeji wa Kitale, wenyeji wa Busia, wenyeji walalamikia barabara mbovu. Pwani mwenyeji ni mtu wa kukupokea na kukuandalia maji ya kunawa, na kinyume chake ni mgeni, ambaye ni mtu wa heshima. Bonde la Ufa, mgeni ni mtu wa kuulizwa atarudi kwao lini.

Lazima niseme mimi mwenyewe ni wa wapi, maana Nakuru swali hilo halikwepeki. Baba alitoka Vihiga akaja kutafuta kazi ya kiwandani, Mama ni Mkisii, na lugha pekee waliyokuwa nayo kwa pamoja ilikuwa Kiswahili. Tulizaliwa ndani yake. Tulikaa Kaptembwa katika ploti ya vyumba kumi na mfereji mmoja wa maji, na ukisimama uani alfajiri ungesikia lugha tano zikigombana juu ya nani alitangulia kupanga ndoo. Baba alikuwa na redio ya betri aliyoifunika kwa kitambaa cha kufuma kama mtu anavyofunika chakula. Leonard Mambo Mbotela akiuliza "Je, huu ni ungwana?" sisi watoto tulijibu kwa sauti moja, na jirani wa upande wa pili wa ukuta akajibu pia: "Huu si ungwana!" Baba alipenda kutusimulia kwamba tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi waasi walipotaka nchi iamini kuwa serikali imepinduliwa, bunduki hawakuziona zinatosha. Walimfuata Mbotela nyumbani kwake, wakampeleka studio akawasomee tangazo lao. Mambo yakisemwa na sauti ile, alisema Baba, watu wangeamini hata kama jua halijachomoza.

Nimekuja kuelewa baadaye kwa nini Baba aliirudia sana hadithi hiyo. Ilikuwa imemtisha.

Mwisho wa 2007 nilikuwa nimetoka kufanya mtihani wa kidato cha nne. Jioni ya tarehe 30 Desemba, baada ya matokeo ya urais kutangazwa na Rais Kibaki kuapishwa kabla giza halijaingia, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Redio zikabaki na nyimbo na taarifa zilizochujwa. Nakuru penyewe palitulia kwa wiki tatu hivi huku Eldoret na Kisumu kukiwaka. Tulikuwa tunauliza kila mtu anayeshuka matatu ameona nini. Watu wakihitaji habari na wasizipate, watazipika wenyewe, na jiko la wakati huo lilikuwa simu ya mkononi.

Ijumaa ya tarehe 25 Januari, Mama Shiru wa chumba cha tatu aliniita uani. Alikuwa amepokea ujumbe mfupi na miwani yake ilikuwa imevunjika. Nikamsomea: malori matatu yaliyojaa vijana wa kabila fulani (ujumbe ulilitaja) yamefika Njoro, usiku huu wanaingia Kaptembwa, mtumie kila mtu wako. Mikono yake ilikuwa na povu la sabuni hadi kwenye viwiko na hakuifuta. Kabla sijamaliza, Mama Chebet wa chumba cha nane akatoka na simu yake, naye akitaka kuuliza kama nimesikia. Nikaichukua. Malori matatu. Vijana. Njoro. Usiku huu. Kilichobadilika ni jina la kabila tu, na hata kosa la tahajia lilikuwa lilelile: aliyeandika alikuwa ameandika "usikuu", kwa u mbili mwishoni.

Niliziweka simu mbili hizo bega kwa bega juu ya jiwe la kufulia, nikawaonyesha. Nilijiona nimetatua jambo. Wale mama walizitazama, kisha wakatazamana, na kwa muda nilidhani watacheka. Halafu Mama Shiru akasema, kwa upole kabisa, "Lakini wangu umetoka kwa ndugu yangu." Mama Chebet akasema wake umetoka kwa mchungaji. Wote wawili walianza kufungasha. Mama Chebet alipelekwa kwa dadake Rongai jioni ile. Mama Shiru aliishia chini ya hema katika uwanja wa maonyesho ya kilimo, pamoja na maelfu ya wengine. Malori hayakuja. Waliochoma nyumba za mtaa wetu walikuja kwa miguu, na wengi wao tuliwajua.

Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika miezi ile miwili. Ripoti yake ilizitaja pia redio za lugha za mama, na jinsi baadhi ya vipindi vyake vilivyochochea chuki. Wizara ya usalama ilituma ujumbe mfupi kwa wananchi ikiwaonya wasisambaze jumbe za uchochezi. Mama Shiru aliupata akiwa kambini. Aliniuliza kama na huo nao ni wa kweli.

Nilipoingia kwenye utangazaji, 2011, woga ulikuwa umeshajenga nyumba studioni. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alikuwa ametajwa kwenye kesi ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na kesi hiyo ilikuja kukatizwa na majaji Aprili 2016. Kwetu sisi wadogo, kitu kimoja tu kilieleweka: mtu anaweza kupandishwa ndege hadi The Hague kwa sababu ya maikrofoni. Nilishauriwa nitumie jina langu la kwanza pekee hewani, lile la ubatizo, ili msikilizaji asijue kwetu ni wapi. Mhariri wetu alikuwa mtu wa Lamu aliyeoa Nakuru, tukimwita Ustadh, na kalamu yake nyekundu ilikuwa na sheria moja kubwa: makabila hayatajwi. Panapotajwa kabila, andika "jamii fulani".

Sheria hiyo ilikuwa na nia safi na sitaicheka. Lakini nilikaa upande wa pili wa simu, nikisikiliza watu wakiitafsiri. Ukisoma kwamba watu wa jamii fulani wamevamia watu wa jamii nyingine, kila anayesikiliza anajaza nafasi hizo mbili kwa majina anayoyataka, na hajawahi kunipigia mtu aliyejiweka mwenyewe kwenye nafasi ya mvamizi. Tulikuwa tumewapa watu wimbo usio na maneno, kila mmoja akauimba kwa lugha yake. Wakimaliza, walihamia kwenye redio ya lugha ya mama kuthibitisha.

Mwaka huo wa 2013 ndio amani ilipogeuka kuwa kama tangazo la sabuni. Amani kabla ya habari, amani baada ya habari, amani katikati ya mpira. Wanasiasa, wachungaji, wachekeshaji, kila mtu alihubiri amani, na ripota aliyetaka kuuliza kwa nini vifaa vya kutambua wapiga kura vimekwama alionekana kama mtu anayecheza na kiberiti. Kura zilipita bila damu kama ile ya 2008. Naamini mahubiri yale yalichangia. Ninaamini pia kwamba yalimfundisha msikilizaji kwamba redio ikianza kumbembeleza, kuna kitu inamficha.

Lakini nirudi kwa yule mzee. Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nilimfuata Ustadh nikamwambia tuache "wenyeji", tuseme "wakazi". Akalipima neno hilo kama mtu anayeonja chumvi.

"Mkazi," alisema, "ana harufu ya mpangaji."

"Bora mpangaji kuliko mgeni, Ustadh."

Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe aliandika kwa mkono wake kwenye kipande cha boksi, akakibandika ukutani juu ya kompyuta ya habari: WAKAZI. SI WENYEJI. Nikajiona shujaa kwa siku sita. Siku ya saba akapiga simu mtu wa Kuresoi, amekasirika sana. "Nyinyi watu wa redio mmeanza kutuita wakazi. Babu yangu amezikwa hapa, na babu yake. Mimi si mpangaji wa mtu hapa." Nikamsikiliza hadi mwisho, na nikagundua kwamba simu hiyo na ile ya mzee wa Molo zilikuwa simu moja. Wote wawili walikuwa wananiuliza kama nimewahesabu.

Kile kibandiko tulikiacha. Nilikuwa nimechagua ni nani wa kumwudhi, na sijui kama nilichagua vizuri.

Agosti 2017 kituo kilinituma Kisumu. Nilifikia kwa shangazi Manyatta, na kufikia siku ya tatu vijana wa boda boda pale Kondele walishanibatiza Nyar Nakuru, binti wa Nakuru, jina ambalo lina mapenzi ndani yake na lina mpaka pia. Baada ya matokeo kutangazwa, moshi wa vitoa machozi ulikaa mtaani kama umande. Nilimwona kwa macho yangu kijana mmoja akipigwa risasi ya mguu na askari aliyekuwa hatua kama ishirini kutoka kwake. Nikatuma habari: polisi walimpiga risasi kijana. Saa saba mchana nikiwa kwenye kibanda cha chai karibu na mzunguko, redio ya mwenye kibanda ikaisoma habari yangu. Ilikuwa imegeuka: "Kijana mmoja amejeruhiwa baada ya kupatwa na risasi kufuatia makabiliano."

Mwendesha boda boda mmoja, mtu mzima mwenye koti la rangi ya chungwa, aliweka kikombe chini. "Nyar Nakuru, hebu nieleze. Hiyo risasi iliamka asubuhi, ikanawa uso, ikatoka nyumbani peke yake?"

Kibanda kizima kilicheka, na kicheko hicho kiliniuma kuliko matusi. Mwingine akaongeza, "Na hao 'vijana wenye ghadhabu' wenu, mimi nina miaka 52. Mniandike vizuri."

Nilipompigia Ustadh alinieleza kwa utulivu: hatukuwa na taarifa ya polisi, tulikuwa na leseni ya kulinda, na kitenzi cha kutendwa hakijawahi kumshtaki mtu. Woga wake haukuwa wa bure. Januari 2018 serikali ilizima runinga kubwa za nchi hii kwa siku kadhaa kwa sababu zilikuwa zinaonyesha kiapo cha Raila Odinga pale Uhuru Park. Hata hivyo kuanzia siku ile ya kibanda nimekisikia Kiswahili cha habari kwa sikio jingine. Risasi zinarindima. Watu wanapoteza maisha, kana kwamba yaliwadondoka mfukoni. Ghasia zinazuka. Lugha yetu ina njia nyingi nzuri za kusema jambo limetokea bila mtu kulitenda, na tumezitumia kama shuka la kufunikia maiti. Ilhali Kisumu huwezi kumfunika mtu aliyeona. Mji ule umekuwa ukisimulia tangu Oktoba 1969, watu walipopigwa risasi siku Rais Kenyatta alipokuja kufungua hospitali. Wajukuu wanaijua siku hiyo kutoka kwa bibi zao. Agosti ile ya 2017, huko Nyalenda, mtoto wa miezi sita aliumizwa polisi walipovamia nyumba ya wazazi wake usiku, na akafa siku chache baadaye. Mwaka 2019 uchunguzi wa mahakama ya Kisumu uliwabebesha polisi dhamana ya kifo hicho. Mtaani hawakuwa wamehitaji kusubiri 2019.

Yule wa koti la chungwa alinionyesha picha kwenye simu yake jioni ile: barabara imejaa miili, na maandishi juu yake kwamba ni Kondele. Niliikuza picha. Magari yalikuwa yanaendeshewa upande wa kulia wa barabara.

"Hii si Kenya," nikamwambia.

"Najua," akasema, akairudisha simu mfukoni. "Lakini angalau hii inasema kuna mtu ameua mtu."

Sijawahi kupata maelezo bora kuliko hayo juu ya kwa nini uongo hupata wanunuzi. Nilikuwa nimezoea kufikiri watu huamini picha bandia kwa kukosa elimu. Huyu hakuiamini hata kidogo. Alikuwa ameichukua kwa sababu ilikuwa upande wake, na sisi wa habari zilizochujwa hatukuwa upande wa mtu yeyote, hata wa kilichotokea.

Mambo ya 2022 nitayapita haraka. Aprili mwaka huo tume ya uwiano na utangamano ilitoa orodha ya maneno ya chuki, "madoadoa" likiwemo, neno la kuwaita watu wa makabila mengine wanaotakiwa waondoke, na lilistahili: watu wa Molo na Burnt Forest wanajua neno hilo lilifuatana na nini tangu miaka ya tisini. Nilisoma orodha hiyo hewani neno kwa neno, na nikiwa naisoma nilikuwa natazama kile kibandiko ukutani. "Wenyeji" halimo kwenye orodha yoyote na haliwezi kuwemo. Ni neno zuri, la heshima, na ndilo lililomfanya mzee mmoja aulize kama anaruhusiwa kudumisha amani kwao. Agosti, fomu za 34A, zile za matokeo ya kila kituo cha kura, zilipowekwa mtandaoni, Baba, ambaye maishani mwake aliamini sauti kuliko karatasi, aliniomba nimtafutie ya shule aliyopigia kura. Akailinganisha na namba alizokuwa ameziandika kwenye kiganja cha mkono kutoka mlangoni mwa kituo. Zilikuwa sawa. Hakusema kitu. Alienda kuizima redio, iliyokuwa ikijumlisha kura kwa hesabu tofauti na ya runinga, na akaketi nje.

Siku hizi nahariri. Ustadh alistaafu akarudi Lamu, na kiti chake nimekirithi pamoja na kalamu nyekundu na kibandiko, ambacho gundi yake imeisha na sasa kimeshikwa kwa pini. Machi mwaka jana msomaji wetu mpya, kijana makini, alikuwa zamu ya matangazo ya vifo. Matangazo hayo ndiyo tunayosikilizwa zaidi, na kila moja husomwa mara mbili. Niliyasikia nikiwa jikoni: mzee fulani, mkazi wa Molo, mume wa marehemu fulani, baba ya wafuatao, atazikwa shambani kwake Ijumaa. Muda mfupi baadaye simu ya ofisi ikalia.

"Dada, mmekosea tangazo la baba."

Nikaomba radhi, nikauliza ni jina gani limekosewa.

"Majina yako sawa. Baba aliliandika hilo tangazo mwenyewe kabla hajalala hospitali, tukalituma vile lilivyokuwa. Aliandika 'mwenyeji wa Molo'. Nyinyi mmesoma 'mkazi'."

Nilikwenda kwenye meza ya habari nikaiona ile karatasi. Mwandiko wa mzee, wa kuegemea kulia, na juu ya neno moja kalamu nyekundu ya kijana wangu, aliyefuata sheria ya ukutani kama nilivyomfundisha. Pembeni ya tangazo marehemu alikuwa ameongeza mwaka, 1967, kana kwamba alijua kuna mtu atakayehitaji uthibitisho. Sijui kama ndiye yule aliyenipigia. Wazee wa Molo wa mwaka ule ni wengi, na sauti yake sikuwahi kuirekodi.

Kijana alikuwa ameshaweka wimbo. Nikaingia studio, nikamwomba kiti, na nikasubiri wimbo uishe ili nisome tangazo lile kwa mara ya tatu, ambayo haikuwa imelipiwa.